Unene wa Kupindukia: Kinachopimwa na Kinachodhuru

Kanuni inayotumiwa leo duniani kote kuamua nani ni mnene kupita kiasi haikubuniwa na daktari, wala haikukusudiwa kumpima mgonjwa yeyote. Ilitoka kwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1796, ambaye alikusanya vipimo vya watu wengi akitafuta sura ya mtu wa wastani, na ambaye katika miaka ya 1830 alibaini kwamba miongoni mwa watu wazima uzito hauongezeki sambamba na urefu, bali hukaribia kufuata mraba wa urefu huo. Kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha uzito wa mrefu na wa mfupi bila kumwonea yeyote, huchukua kilo na kuzigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60 atapata 82 gawanya kwa 2.56, yaani 32. Namba hiyo, ambayo wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki huitaja kwa herufi za BMI, ikifika 25 mhusika huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na ikifika 30 huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza.

Kati ya Quetelet na kliniki za leo kuna zaidi ya karne nzima ambamo waliojali zaidi uzito wa watu walikuwa makampuni ya bima ya maisha ya Marekani, yaliyokuwa na sababu nzuri ya kutaka kujua ni mteja gani atakufa mapema. Mwaka 1972 mtafiti wa Kimarekani Ancel Keys na wenzake walilinganisha kanuni kadhaa za uzito kwa kutumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,400 kutoka nchi 5, wakaipendelea ile ya Quetelet na kuipa jina linalotumika mpaka sasa. Hawakudai kwamba ni kamilifu. Walichosema ni kwamba ni rahisi, na kwamba si mbaya kuliko zile nyingine. Wanawake hawakuwemo kabisa katika hesabu yao, jambo ambalo linapaswa kukumbukwa kila kanuni hiyo inapotumiwa katika nchi ambazo wanawake ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaoambiwa kuwa wamenenepa mno. Hata mipaka yenyewe imewahi kusogezwa: mwaka 1998 Marekani ilishusha kiwango cha uzito uliozidi kutoka 27 na pointi kadhaa hadi 25, na mamilioni ya watu wakaingizwa katika kundi hilo bila hata mmoja wao kuongezeka gramu.

Udhaifu wa kipimo hiki ulijulikana hata kabla hakijapata jina. Mizani huona kilo tu, na haiwezi kutofautisha kilo ya mafuta na kilo ya msuli. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani kwa kuwazamisha majini, njia inayotegemea ukweli kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji ilhali msuli na mfupa ni mizito zaidi, hivyo uzito wa mtu akiwa ndani ya maji hufichua sehemu ya mwili wake iliyo mafuta. Kwa majedwali ya uzito na urefu ya wakati ule, 17 kati ya wachezaji hao wangeweza kukataliwa jeshini kwa kuzidi uzito, wakati vipimo vya majini vilionyesha kwamba wengi wao walikuwa na mafuta machache. Kwa upande wa pili yupo mtu ambaye mizani humsifu bure, yule mwembamba wa mikono na miguu aliyeota kitambi, ambaye namba yake ni 24 na ambaye hakuna anayemwambia lolote.

Hapa ndipo utafiti ulipopata njia yenye manufaa zaidi, yaani kuuliza mafuta yako wapi badala ya kuuliza ni kiasi gani. Mwaka 1947 Jean Vague, daktari wa Marseille nchini Ufaransa, alieleza kwamba wagonjwa wake walionenepa sehemu ya juu ya mwili na tumboni, kama inavyotokea zaidi kwa wanaume, ndio waliopata kisukari na magonjwa ya mishipa, ilhali walionenepa mapajani na makalioni, kama inavyotokea zaidi kwa wanawake, waliepuka kwa kiasi kikubwa. Madaktari wenzake hawakumjali kwa miongo kadhaa. Picha za ndani ya mwili zilipopatikana baadaye zilionyesha sababu: mafuta yaliyo chini ya ngozi ni ghala tulivu kwa kiasi fulani, lakini yale yanayozunguka utumbo na viungo vya ndani ya tumbo humwaga asidi za mafuta katika mshipa unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa mafuta huanza kutoa sukari hata pale ambapo mwili hauihitaji.

Tishu ya mafuta si mzigo mfu kama ilivyodhaniwa zamani. Seli zake hupokea na kutuma ujumbe wa kikemikali mwili mzima, na zinapovimba kupita uwezo wake hualika seli za kinga, ambazo hutoa kemikali zilezile zinazotolewa mwili unapopambana na maradhi, ila kwa kiwango kidogo na bila kukoma kwa miaka. Katika hali hiyo insulini, homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa kuingia katika seli, hupoteza nguvu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na likichoka, sukari hubaki kwenye damu na kisukari cha aina ya pili huwa kimeingia. Msukumo wa damu nao hupanda kwa njia kadhaa kwa pamoja, zikiwemo figo kuhifadhi chumvi kuliko inavyostahili na moyo kulazimika kusukuma damu katika mwili mkubwa zaidi. Yapo pia madhara yanayotokana na uzito wenyewe, kama kulika kwa gegedu la magoti, na kukatika kwa pumzi usingizini kwa sababu njia ya hewa imebanwa na mafuta ya shingoni, tatizo ambalo majumbani huchukuliwa kuwa kukoroma tu. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani lilihitimisha kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuhusisha mafuta ya ziada mwilini na aina 13 za saratani, ikiwemo ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

Pamoja na kasoro zake, kanuni ya Quetelet inafaa kwa kazi ambayo ilibuniwa kwa ajili yake, yaani kutazama jamii nzima. Kwa kipimo hicho inakadiriwa kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani, yaani mtu 1 kati ya 8, walikuwa na unene wa kupindukia. Nchini Kenya, wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 25 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009, wakafika asilimia 33 mwaka 2014. Tanzania ilitoka asilimia 18 mwaka 2004 na 2005 hadi asilimia 28 mwaka 2015 na 2016. Ongezeko la kasi kama hilo haliwezi kuwa kazi ya jeni, kwa kuwa jeni za taifa hazibadiliki ndani ya miaka kumi.

Maelezo ambayo wengi huyakimbilia ni kwamba watu wameacha kutembea na kulima, wakahamia mijini, wakapanda bodaboda, wakakaa ofisini. Maelezo haya yana mantiki, na kwa muda mrefu hata wanasayansi waliyakubali bila kuyapima. Yalipopimwa, kipimo cha kushangaza zaidi kilitoka kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu na matunda mengine ya porini.

Mtafiti wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake walitumia njia iitwayo maji yenye alama, ambayo inastahili kuelezwa kwa sababu ndiyo kipimo kinachoaminika kuliko vyote cha nishati anayotumia mtu katika maisha yake ya kawaida. Mhusika hunywa kiasi kidogo cha maji ambayo hidrojeni na oksijeni yake ni za aina nzito kuliko ya kawaida, zisizo na madhara na zinazotambulika maabara. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa maji hayohayo lakini pia kwa hewa ya kaboni dioksaidi ambayo mtu huitoa anapopumua. Mkojo ukikusanywa kwa siku kadhaa na kupimwa, tofauti kati ya kasi ya kupungua kwa oksijeni na ile ya hidrojeni hueleza ni kaboni dioksaidi kiasi gani imetolewa, na kwa kuwa hewa hiyo ni zao la kuunguzwa kwa chakula mwilini, idadi ya kalori zilizotumika hupatikana. Mtu haulizwi amekula nini wala amefanya nini, kwa hiyo hapati nafasi ya kusahau au kudanganya.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, kutoka kwa Wahadzabe 30 wazima, yalionyesha kwamba wanawake walitembea karibu kilomita 6 na wanaume zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na hata hivyo, ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, kalori walizotumia kwa siku nzima hazikutofautiana na za wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Pontzer anadai kwamba mwili una bajeti ya nishati na huilinda: anayefanya kazi nyingi za nguvu hubanwa matumizi mahali pengine ndani ya mwili bila kuhisi. Wapo wataalamu wanaobishana naye juu ya ukubwa wa ubanaji huo, na mjadala haujafungwa. Lakini mwaka 2025 kundi kubwa la watafiti, wakitumia vipimo vya maji yenye alama vya watu wazima zaidi ya 4,200 kutoka jamii 34, lilikuta kwamba kupungua kwa matumizi ya nishati kunaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti ya unene kati ya jamii maskini na tajiri, na kwamba uzito wa chakula katika jambo hili ni takriban mara 10 ya ule wa kukosa mwendo. Mazoezi yanabaki na faida nyingi, kwa moyo, kwa sukari, kwa msukumo wa damu, kwa usingizi, na kwa kuuzuia uzito uliopunguzwa usirudi. Ila anayemwambia mtu mnene kwamba anenepavyo ni kwa uvivu anatoa hukumu ambayo vipimo havimuungi mkono.

Ikiwa ni chakula, swali linakuwa ni kitu gani ndani ya chakula. Kevin Hall, wakati huo akiwa mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alilijibu kwa jaribio la mwaka 2019 lililokuwa dogo lakini lenye udhibiti wa nadra. Watu wazima 20 walikaa hospitalini huko Bethesda kwa wiki 4, wiki 2 wakipewa vyakula vilivyosindikwa sana, yaani vilivyotengenezwa kiwandani kwa viambato ambavyo havimo katika jiko la nyumbani, na wiki 2 wakipewa vyakula visivyosindikwa. Milo iliyoandaliwa ya pande zote mbili ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliruhusiwa kula kadiri alivyotaka. Walipokula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka wastani wa kilo 0.9; walipobadilishiwa walipungua kiasi hichohicho. Vyakula vya kiwandani vilikuwa laini, walivila haraka, na kila tonge lilibeba kalori nyingi, sababu ambazo bado zinachunguzwa moja moja. Anayelinganisha sahani ya ugali, dagaa na mchicha na mfuko wa biskuti pamoja na soda ataona bila mizani ni kipi kinachoisha kabla tumbo halijapata habari.

Hata hivyo, chakula kilekile hakiwanenepeshi watu wote sawa, na hapa jeni hurudi kudai nafasi yake. Claude Bouchard wa Québec nchini Canada aliwachukua vijana 24 waliokuwa jozi 12 za mapacha wanaofanana, akawazidishia kilokalori 1,000 kwa siku, siku 6 kila wiki, kwa muda wa siku 100. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, aliyeongezeka kidogo kuliko wote alipata kilo 4.3 na aliyeongezeka zaidi alipata kilo 13.3, wote wakiwa wamezidishiwa kiasi kimoja, na mapacha wa jozi moja walikaribiana mno kuliko walivyokaribiana na wengine. Mazingira hupakia bunduki kwa wote, lakini miili haiko sawa mbele ya risasi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba hamu ya kula ni suala la mwili kabla halijawa suala la nia ulitoka kwenye panya wa maabara wa Marekani walionenepa mno kwa hitilafu ya jeni moja. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na wenzake waliitambua jeni hiyo, na homoni inayotokana nayo ikaitwa leptini: hutolewa na mafuta yenyewe, husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, na huuarifu kwamba akiba ipo. Miaka 3 baadaye madaktari wa Cambridge, Uingereza, waliripoti watoto 2 wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na binamu yake wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini njaa yao haikushiba. Msichana huyo alipoanza kudungwa leptini, hamu ya kula ilitulia na uzito ukashuka. Makampuni ya dawa yalishangilia mapema, kwa sababu ilibainika kwamba watu wanene walio wengi hawana upungufu wa leptini bali wanayo tele, ila ubongo wao umeacha kuisikiliza.

Ubongo huohuo unaposikia leptini ikishuka kwa sababu mtu amejinyima, huchukulia kwamba njaa imeingia nchini: huongeza hamu ya kula na kupunguza matumizi ya nishati. Ndiyo sababu wengi hupungua kwa miezi na kurudia uzito wao kwa miaka. Dawa mpya za sindano zinazoiga homoni ya utumbo inayoleta shibe zimeonyesha jambo lilelile kutoka upande wa pili, kwani katika jaribio kubwa la dawa iitwayo semaglutide watu walipoteza wastani wa asilimia 15 ya uzito wao ndani ya wiki 68, na walioacha sindano walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza katika mwaka mmoja uliofuata. Kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki bei ya dawa hizo inazifanya kuwa habari tu.

Katika eneo hili zipo sababu mbili zaidi ambazo vitabu vya Ulaya huzigusa kwa juujuu. Moja ni njaa ya tumboni mwa mama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1976, wa vijana wa Uholanzi waliokuwa mimbani wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, ulionyesha kwamba walioipata njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa wanene zaidi walipofika miaka 19, na katika nchi kama Tanzania, ambako utafiti wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, utapiamlo wa jana na unene wa kesho huishi katika nyumba moja. Nyingine ni heshima ya mwili mnene. Bi arusi wa mwambao hulishwa ili anawiri, mume hupongezwa kwa kitambi cha mkewe na mke kwa cha mumewe, na tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipowadhoofisha watu mpaka ukaitwa Slim nchini Uganda, kukonda kulizua minong'ono ambayo hakuna mtu aliyetaka kuisikia ikimhusu.

Januari 2025, jopo la kimataifa la wataalamu lililoongozwa na Francesco Rubino wa London lilipendekeza kwamba kanuni ya uzito na urefu isitumiwe peke yake kumtambua mgonjwa. Kwanza mafuta ya ziada yathibitishwe kwa kupima mwili, kwa mfano mzunguko wa kiuno, kisha itazamwe kama viungo vimeathirika. Mwenye mafuta mengi ambaye viungo vyake bado vinafanya kazi sawasawa anahitaji kufuatiliwa, na ambaye vimeathirika ana ugonjwa unaohitaji kutibiwa. Baadhi ya madaktari wanahofia kwamba mgawanyo huo utachelewesha matibabu, lakini angalau unamtenga yule mwanamke wa namba 32 mwenye sukari na msukumo wa kawaida na mwenzake wa namba hiyohiyo ambaye ini lake limejaa mafuta.

Kupima kiuno kunahitaji utepe wa fundi cherehani tu. Mtu husimama wima bila kubana tumbo, utepe hupitishwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na namba husomwa mwishoni mwa pumzi ya kawaida inayotoka. Ugumu unakuja katika kuamua namba hiyo inasema nini. Watu wa asili ya Asia ya Kusini, wakiwemo wale wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, hupata kisukari wakiwa na miili midogo zaidi, na tangu 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamependekeza tahadhari ianze kwao kwenye BMI ya 23. Wanawake weusi wa Afrika Kusini, kwa upande wao, wameonekana kuwa na mafuta machache ndani ya tumbo kuliko wazungu wenye uzito kama wao, na bado insulini yao hufanya kazi kwa shida zaidi, fumbo ambalo nadharia ya Vague haitoshi kulifumbua.

Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilielekeza kwamba vitumike viwango vya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, mpaka takwimu zao wenyewe zitakapopatikana. Mwaka 2018 watafiti walikusanya vipimo vya Waafrika zaidi ya 24,000 na kupata mpaka unaokaribia sentimita 81 kwa jinsia zote mbili. Kwa wanawake tofauti ni ndogo. Kwa wanaume ni kubwa mno: mwenye kiuno cha sentimita 88 anayepimwa kwa kiwango cha kuazima huruhusiwa kwenda zake nyumbani, wakati kwa kiwango kilichotokana na miili ya Waafrika wenzake alipaswa kupimwa sukari na msukumo wa damu siku hiyohiyo.